Gari Lililochemka Njia ya Bugwema

Paja langu la kulia ndilo lililokuwa la kwanza kujua. Kabla mshale wa joto haujaanza kupanda, kabla dereva hajainama kusikiliza, nilikuwa nimeshahisi moto ukipenya kwenye kifuniko cha bati kilichofunika injini kati ya viti vyetu viwili. Nilikuwa nasogea mlangoni taratibu, kama mtu anayejiweka sawa tu kitini. Dereva akiniona nasogea, alikaza taya. Hakupenda nisogee. Aliona kama namshtaki.

Gari lenyewe halikutengenezwa kwa kazi tuliyolitwisha. Lilikuwa nyumba. Wazungu wawili, mume na mke, walikuja nalo kutoka Nairobi wakiwa na nia ya kuendelea mpaka kusini kabisa mwa Afrika. Wakapita mpaka wa Sirari, wakafika Musoma, na hapo mke akaugua ini. Walirudi kwao kwa ndege, gari wakaiachia misheni. Ndani mlikuwa na kitanda cha kukunja, kabati za mbao nyepesi, sinki, tangi la maji chini ya sakafu, na jokofu dogo lililowaka kwa mafuta ya taa. Padri wetu alipoliona hilo jokofu hakuangalia kitu kingine. Akasema, "Hii ni kliniki." Watu wa mjini waliendelea kuliita nyumba inayotembea.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati kila kitu kilikuwa shida. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, petroli ya kibali. Jumapili mchana magari yalikatazwa kutembea. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, nesi, mzaliwa wa Kiriba, binti wa watu waliolima mihogo na kuvua furu na sato. Nilikuwa mtu asiyetulia. Nikikaa nilitikisa mguu, nikilala niliamka kuangalia kama nimefunga mlango. Mama yangu alisema nimekuwa hivyo tangu mdogo wangu wa kiume alipokufa kwa surua, mimi nikiwa na miaka saba na ndiye niliyeachiwa kumpepea. Huenda ni kweli. Ninachojua ni kwamba padri aliponiuliza kama naweza kwenda na gari lile vijijini kuchanja watoto, nilijibu kabla hajamaliza.

Dereva alikuwa mzee wa Kizanaki kutoka upande wa Butiama, mrefu, mkavu, mwenye koti moja la kaki alilolivaa hata jua likiwaka. Alikuwa ameendesha malori ya pamba kwa miaka mingi kabla ya misheni kumwajiri. Mimi nilimwita Baba, yeye aliniita Sista kama wagonjwa walivyoniita. Alikuwa mpole kwa watu na mkali kwa mashine, na hakutaka kuulizwa maswali akiwa ameshika usukani.

Tulikuwa na njia mbili. Jumatatu na Jumanne tulikwenda pande za Butiama na kupanda mpaka Buswahili, barabara ya mawe na makorongo. Jumatano tulishika barabara kuu ya Bunda, kisha tukakunja kuingia Bugwema, tukachanja, tukalala huko, tukamalizia Alhamisi asubuhi, na kurudi. Mimi nililala ndani ya gari, yeye alilala kwa katekista.

Wiki ya tatu tu, katikati ya barabara kuu, mvuke ulitoka chini ya kifuniko na kujaa mbele ya macho yetu. Dereva aliegesha pembeni, akafungua kifuniko, akazungushia gunia mkononi na kufungua kizibo cha rejeta. Maji yakaruka mpaka kwenye paa. Alirudi nyuma akipuliza mkono, akasema, "Inachemsha."

"Kwa nini, Baba?"

"Gari zote za zamani zinachemkaga."

Tulikaa saa nzima. Mimi nilizunguka gari, nikafungua jokofu kuangalia chanjo, nikafunga, nikafungua tena. Kila nilipofungua nilijua naingiza joto, na bado nilifungua. Kuna wanawake walipita na ndoo kichwani wakatugawia maji. Tukaendelea mwendo mdogo, tukafika Bugwema saa nane mchana. Akina mama walikuwa bado wamekaa kwenye veranda ya shule, watoto wamelala mapajani. Tulichanja mpaka jua likaanza kushuka.

Baada ya hapo likawa jambo la kila wiki. Dereva alikuwa na maelezo mapya kila mara. Kwanza ni maji ya ziwa, yana uchafu. Tukaanza kuchuja maji kwa kitambaa. Halafu ni mkanda wa feni, umelegea. Akaukaza. Halafu akasema ni ile thamostati, kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji kwenye injini. Akaitoa kabisa na kuitupa kwenye kisanduku cha vifaa. Gari likachemka vilevile.

Tulipeleka gari kwa fundi wa karibu na soko la Musoma, mtu mnene aliyefanya kazi kwa kunong'ona, akiongea na chuma kuliko na watu. Alifungua rejeta, akaiosha kwa magadi, akaisukutua mara tatu. Akafungua mipira ya maji, wa juu na wa chini, akaimwagia maji na kuigonga kwenye jiwe. Vikatoka vipande vya kutu na makapi ya waya yaliyooza. Alivisukuma kwa mguu. "Angalieni uchafu wenyewe," alisema. "Ndio ulikuwa unaziba." Akarudisha kila kitu, akawasha injini pale uani, akaiacha ikiunguruma saa nzima huku akinywa chai. Mshale ulikaa katikati bila kutikisika. "Gari zima hili," akasema.

Jumatano iliyofuata lilichemka kabla hatujafika hata Kiabakari.

Safari hiyo hatukufika Bugwema. Maji tuliyobeba yaliisha, tuliyoomba yaliisha, na barafu kwenye sanduku la chanjo ilianza kuwa maji. Dereva aliligeuza gari. Nilimwambia tujaribu tena, akasema hapana, injini itakufa na hakuna nyingine Tanzania nzima. Nilishuka nikasimama barabarani kama mtu anayetafuta lifti. Sijui nilitaka kufanya nini, labda kutembea na sanduku kichwani. Alinisubiri bila kupiga honi. Mwishoni nikapanda.

Fundi akabadili mawazo, akasema ni gasketi ya silinda hedi, ile karatasi inayoziba kati ya injini na kifuniko chake cha juu. Gasketi haikuwepo Musoma. Haikuwepo Mwanza. Alikata nyingine kwa mkono kutoka kwenye karatasi ngumu ya asbesto aliyoihifadhi tangu enzi nyingine, kazi ya siku nne, akiitoboa matundu kwa patasi na nyundo ndogo. Mpaka leo namheshimu kwa kazi ile. Lakini siku nne hizo zilikula Jumatano, kwa hiyo Bugwema tulikosa mara ya pili mfululizo. Na gasketi ilipowekwa, gari likaendelea kuchemka kama vile hakuna kilichofanyika.

Nikiwa sina la kufanya na mikono yangu, nilianza kuandika. Nesi huandika. Nyuma ya daftari la chanjo nilichora mistari: saa, mahali, barabara ikoje, mshale uko wapi. Dereva alinitazama kwa pembe ya jicho.

"Unaandika nini, Sista?"

"Mahali tulipofika."

"Unaandika ili umpelekee Padri?"

"Hapana, Baba. Najiandikia mwenyewe."

Hakuniamini. Siku mbili hakunisalimia vizuri.

Wiki iliyofuata tulifika Bugwema kwa kusimama mara tano. Veranda ya shule ilikuwa na akina mama wanane. Nilizoea kukuta sitini, sabini. Nilipanga vifaa, nikachanja wale wanane, nikauliza wengine wako wapi. Walitazamana. Mmoja, mama wa makamo aliyekuwa na mtoto wa miezi kama mitano mgongoni, alisubiri wenzake waondoke ndipo akanisogelea. Nilimkumbuka. Nilimkumbuka kwa sababu mwanzoni alikuwa anakuja na wawili, huyu wa mgongoni na msichana wa mwaka na nusu ambaye alichukia sindano kabla hajaiona.

"Mwingine umemwacha nyumbani, mama?" nilimuuliza.

"Surua ilipita," alisema. "Ilipita nyumba kwa nyumba. Yule amekwenda."

Msichana yule nilikuwa sijamchanja surua. Mara ya mwisho alipokuja alikuwa na homa, nikamwambia mama amrudishe wiki ijayo. Wiki ijayo ndiyo ile ambayo gari liligeuzwa njiani, na ile nyingine ndiyo ya gasketi.

"Tuliwasubiri, Sista," mama alisema. Hakusema kwa hasira. "Tulikaa hapa mpaka jioni. Mara mbili."

Dereva alikuwa amesimama nyuma yangu na dumu tupu la maji. Alisikia yote. Nilimpima yule mtoto wa mgongoni, nikampa chanjo ya umri wake, nikaandika kwenye kadi yake tarehe ya kurudi, ingawa sikuwa na haki ya kuahidi tarehe. Mama akaikunja kadi, akaiweka kwenye pindo la khanga, akashukuru. Alishukuru. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Tukaanza safari ya kurudi. Tulipofika barabara kuu dereva aliegesha gari pembeni, ingawa halikuwa limechemka. Alizima injini, akakaa na mikono juu ya usukani.

"Nionyeshe lile daftari," alisema.

Nililifungua nyuma. Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza akaanza kushuka polepole, midomo ikicheza. Alisoma kwa shida, nikamsomea baadhi. Butiama, barabara ya mawe, mshale katikati. Buswahili, kilima, mshale katikati. Buswahili, kilima, jua kali, mshale katikati. Barabara kuu, tambarare, imechemka. Barabara kuu, tambarare, imechemka. Barabara kuu, asubuhi kuna ubaridi, imechemka.

"Haiwezekani," alisema. "Gari inachemkaga kwenye mlima. Mlima ndio unakamuaga injini."

"Hili halijachemka mlimani hata siku moja, Baba. Angalia mwenyewe."

"Wewe ni nesi, Sista. Mimi nimeendesha gari wewe hujazaliwa."

"Najua. Lakini mlimani unakwenda taratibu. Hapa kwenye tambarare unakimbiza, maana tumechelewa. Linachemka ukikimbiza."

Alifunga daftari akanirudishia. Nilidhani nimemuudhi tena. Aliwasha gari akaendesha kwa gia ya tatu, mwendo wa baiskeli, mpaka Musoma. Malori yalitupita yakipiga honi, mabasi yalitupita, hata mtu mmoja mwenye pikipiki na gunia la mkaa alitupita akatupungia. Mshale haukutoka katikati. Tulipoingia uani misheni alishuka, akaniambia bila kunitazama, "Kesho asubuhi uje na nguo ambayo hujali ikichafuka."

Nilifika kabla jua halijachomoza vizuri. Usingizi nilikuwa sijaupata sana. Kila nikifumba macho nilimwona yule mama akikunja kadi. Dereva alikuwa ameshafungua kifuniko cha mbele na kile cha ndani. Alisema fundi daima aliwasha gari likaunguruma polepole tu. Hakuna aliyewahi kulitazama likiwa na mwendo wa barabarani, kwa sababu likiwa na mwendo wa barabarani wote tunakuwa ndani yake tunakimbia. Kwa hiyo yeye atakanyaga mafuta mpaka injini ifike sauti ile ya barabara kuu, na mimi nitazame.

"Nitazame nini?"

"Chochote kinachofanya ambacho hakifanyi sasa hivi."

Nilitandika gunia, nikalala chali chini ya pua ya gari, kichwa karibu na rejeta. Akawasha. Niliona feni inazunguka, niliona mkanda, niliona mipira miwili ya maji, mmoja juu, mmoja chini, mnene kama mkono wangu, umeshikwa na vibano. Akaanza kupiga resi. Sauti ikapanda, vumbi likaniingia machoni, nikataka kutoka. Ikapanda zaidi. Ndipo nikaona ule mpira wa chini unabonyea. Ulibonyea taratibu, kama shavu la mtoto anayenyonya kwa nguvu, mpaka pande zake mbili zikagusana.

"Achia, Baba," nilimwita. Akaachia. Mpira ukajaa tena, ukawa mviringo, kama haujawahi kufanya kitu.

"Kanyaga."

Ukabonyea.

"Achia."

Ukajaa.

Nilitoka chini, nikamwambia ashuke, nikakaa kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Aliniambia niweke mguu wapi. Akalala mwenyewe kwenye gunia, na koti lake, nikakanyaga. Nilikuwa namwona miguu tu. Nilikanyaga nikaachia, nikakanyaga nikaachia, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu hakusema niache. Mwishowe alitoka, akakaa chini akiegemea tairi.

"Pampu inavuta maji kwa nguvu," alisema. "Mpira umechoka. Unavutwa, unajifunga. Injini inakosa maji. Tukisimama kuangalia, unafunguka. Tunakuta mzima." "Ndani ya huu mpira huwa mna springi ya waya, ya kuuzuia usibonyee. Ile takataka fundi aliyoigonga kwenye jiwe ndiyo ilikuwa springi yenyewe. Ilikwisha kuoza zamani. Nilikuwepo. Niliiona kwa macho yangu."

"Hata mimi niliiona."

"Kwako haikuwa lazima kuijua." Alifuta uso kwa mkono wenye grisi. "Miezi minne, Sista."

Ni mara pekee niliyomwona karibu na kulia. Sikumwambia pole. Nilimletea maji ya kunawa.

Mpira mpya haukupatikana. Nilizunguka maduka yote ya Musoma siku hiyohiyo, mengi yao rafu tupu na muuzaji anayesinzia. Dereva alipata waya wa kufungia marobota ya pamba kwa marafiki zake wa zamani, akauzungushia kwenye mpini wa jembe, akatengeneza springi, akaisukuma ndani ya mpira. Tulifurahi mapema. Waya ulikuwa laini mno. Tulipolijaribu gari njia ya Bunda, wiki hiyohiyo, mpira ulijifunga tena na gari likachemka mahali palepale. Nilitaka kupiga teke tairi. Nadhani nilipiga.

Lakini sasa tulijua tunachotafuta, na hiyo ilikuwa tofauti kubwa. Jumatatu tulipokwenda Butiama alinipeleka kwa mhunzi, mtu wa ukoo wake, aliyetengeneza visu na kengele za ng'ombe. Mhunzi alitazama mpira, akatazama ule waya uliolegea, akacheka kidogo. Aliokota waya mnene wa uzio, akaupasha moto mpaka ukawa mwekundu, akauzungusha kwenye bomba, akautumbukiza kwenye maji, akaupasha tena kidogo na kuuacha upoe wenyewe. Alifanya hivyo huku akimuuliza dereva habari za ndugu zao. Mimi nilisimama, nikakaa, nikasimama. "Huyu binti ana haraka," mhunzi alisema. Dereva akamjibu, "Ana sababu."

Springi ile ilikuwa ngumu hata ikatuchukua nusu saa kuiingiza kwenye mpira kwa mafuta ya nyonyo. Dereva akapiga resi, mimi chini kwenye gunia. Mpira haukubonyea.

Jumatano tuliondoka Musoma mapema na kukimbia barabara kuu kama magari mengine. Nilikuwa nimegandia mlangoni kwa mazoea. Tulipita Kiabakari, mshale katikati. Tukakunja kuelekea Bugwema, mshale katikati. Saa tatu asubuhi tulikuwa pale shuleni, na veranda ilikuwa tupu.

Tulisubiri. Alikuja mama mmoja, akaja mwingine, basi. Wengine walikuwa wameacha kutuamini, na nani angewalaumu. Nilishindwa kukaa. Nilichukua sanduku la barafu begani, nikaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Dereva, ambaye hakuwahi kutoka kwenye gari lake kwa kazi yangu, alinipokonya sanduku akalibeba yeye. Kila ua tulioingia alisalimia kwanza, kwa heshima ndefu ya kizee, kisha akasema yeye mwenyewe, kabla sijafungua mdomo, "Mimi ndiye dereva wa lile gari. Tulishindwa kufika. Kosa lilikuwa kwenye gari na sisi hatukulijua. Sasa tumelijua." Watu wengine walitukaribisha viti. Baba mmoja alitufukuza. Alisema mtoto wake amekwisha zikwa, tumfuate huko. Dereva alivua kofia, akasema pole, tukatoka.

Kwa yule mama aliyeniambia wamesubiri mara mbili tulifika mchana. Alikuwa anamenya mihogo. Alisikiliza maneno ya dereva mpaka mwisho, akainuka, akaenda ndani, akarudi na kadi. Ilikuwa bado wiki mbili kabla ya tarehe yake. Nilimwambia hivyo. "Nilitaka tu uione," alisema. "Usije ukadhani nimeipoteza." Wiki mbili baadaye alikuwa wa kwanza kwenye veranda, na nyuma yake walikuwepo kama ishirini. Ilichukua karibu mwaka kurudi kwenye wale sitini.

Springi ya mhunzi ilidumu. Kilichokufa ni mpira wenyewe, ulipasuka, na kufikia hapo mambo yalikuwa yamebadilika. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Musoma ghafla ilijaa vitu: sabuni za harufu, redio, mitumba imetundikwa mpaka juu ya milango, na spea za magari zilizovuka Sirari zikiwa kwenye mifuko ya nailoni inayong'aa. Dereva aliniita tukaangalie. Kulikuwa na mipira ya rejeta ya kila aina imening'inia kama soseji. Alichukua mmoja, akaingiza kidole ndani kupapasa kama mna springi. Ilikuwepo. Akaurudisha kwenye msumari, akachukua mwingine, akapapasa nao. Muuzaji aliuliza tunatafuta nini hasa. Aliniambia, "Siku ile ingekuwepo hii hapa."

Dereva macho yalianza kumsumbua. Aliniambia hivyo tukitoka Bugwema, katikati ya tambarare, kisha akasimamisha gari na kubadilishana viti nami. "Tambarare hii haina mtu wa kumgonga," alisema. "Jifunze." Alinifundisha miezi mitatu, kwa ukali uleule aliokuwa nao kwa mashine. Padri hakuambiwa mpaka nilipokwenda kufanya mtihani wa leseni.

Wiki ya kwanza niliyokwenda Bugwema peke yangu, yeye akiwa hospitali ya Mwanza kwa ajili ya jicho, niliendesha nikiwa nimekaza mabega mpaka yakauma. Sikuimba, sikutazama pembeni. Nilifika salama, nikapunguza mwendo vizuri kabisa mbele ya veranda, na nilipotaka kusogea kivulini nikaachia klachi vibaya. Gari likaruka kama mbuzi na kuzimika. Nikawasha, likazimika tena. Betri ikaanza kuguna. Akina mama walikuwa wamesimama wote, watoto mgongoni, wananitazama. Kisha mmoja akaanza kucheka, wakacheka wengine, na bila kuitwa wakaenda nyuma ya gari. Nilisikia viganja vyao kwenye bati.

"Weka gia, Sista," walisema. "Sisi tunasukuma."